Wembe wa Msiba wa Masunga

Klementina alijua kunyoa kabla hajajua kusoma. Baba yake aliporudi Sapiwi kutoka kwenye machimbo ya almasi alikuja na wembe wa kukunja wenye mpini wa pembe, na kwa kuwa watoto wa kiume walishinda machungani, binti ndiye aliyebaki nyumbani kushika ncha ya mkanda wa ngozi wakati mzee akinoa. Mikono ya mzee ilipoanza kutetemeka, wembe ukahamia kwake. Hakuna aliyetangaza. Siku moja baba alikaa kwenye kigoda, akainamisha kichwa, akamwambia, "Haya."

Tangu hapo kila kichwa cha kaya ile kilipita mikononi mwake. Watoto wenye mapunye, vijana waliokuwa wanakwenda kuoa, na ulipotokea msiba, ukoo mzima. Kwa watu wa kwao msiba haukwisha mpaka watu wanyolewe. Mjane alitangulia, wakafuata watoto wake, kisha ndugu wa marehemu na watoto wao, na nywele zote zilifukiwa shimo moja. Msiba wa baba ulikwisha hivyo, na wa mama vilevile, na mara zote wembe ulikuwa huohuo mmoja.

Miaka ile ya maduka matupu, wakati watu wengine walipokuwa wakinoa wembe mmoja wa pakiti kwenye ukuta wa ndani wa glasi mpaka ukabaki kama jani, kaya yao haikuona shida. Ilipokuja ruksa ya biashara huria, maduka ya Bariadi yakajaa. Zikaja nyembe za pakiti za kila aina, zikaja za plastiki zenye mpini, za kutumia na kutupa, na kijana mmoja akafungua kibanda cha kunyoa kwa mashine ya umeme wa jenereta. Klementina alizijaribu karibu zote, kwa kuwa alikuwa na udadisi wa kazi yake. Ule wa plastiki uliteleza vizuri kwenye shavu la mwanamume, lakini ukiupeleka kwenye nywele za kichwa ulijaa mara moja ukaanza kukokota. Wa pakiti ulikuwa mkali kuliko hata wa baba yake, ila mwembamba mno. Ukiushika kwa vidole unapinda, na ukipinda unauma. Mashine iliacha vinywele vimesimama kama mabua baada ya mavuno. Wembe wa kukunja ulikuwa na uzito wake. Hukuhitaji kuusukuma, ulikuwa unauongoza tu, nao ukishuka wenyewe kutoka utosini hadi kisogoni.

Mdogo wake wa mwisho, Masunga, ndiye aliyeikimbilia ruksa kuliko wote. Wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia, akawa wakala wao. Akapanga chumba Malampaka, karibu na stesheni ambako marobota yalipakiwa kwenye treni, na nyumbani Sapiwi akawa anakuja kwa wiki mara moja, kisha kwa mwezi. Mkewe, Joyness, alibaki na watoto na shamba. Masunga aliporudi moja kwa moja alikuwa amekonda mpaka shati lilining'inia, na mikono yake ilikuwa na vipele vyeusi alivyovikuna hadi vikatoa maji.

Klementina na Joyness ndio waliompeleka hospitali ya mjini. Daktari aliwaita pembeni, kwenye benchi la nyuma ya wodi, akawaeleza kwa sauti ya chini ugonjwa ni nini. Kisha akampima na Joyness. Majibu yalipotoka Joyness aliyasikiliza akiwa ameshika mkono wa Klementina, na hakuuachia mpaka daktari alipomaliza kuwaambia namna ya kuishi nao: kula pamoja si neno, kulala chumba kimoja si neno, ila vitu vya makali msichangie, sindano, kisu cha kutogea masikio, wembe.

Njiani kurudi Joyness alisimama katikati ya barabara.

"Wifi," alisema, "wakijua watasema mimi ndiye niliyemuua. Na wanangu hawatapewa hata kikombe cha maji. Niapie."

Klementina akaapa.

Masunga alifariki mvua za vuli zilipokuwa zinaanza. Watu walisema amerogwa na wenye wivu wa biashara ya pamba, na Klementina aliwasikia wakisema hivyo jikoni, uani, makaburini, akanyamaza. Kaka yake mkubwa, Mabula, ambaye baada ya baba ndiye aliyekuwa msemaji wa kaya, akapanga siku ya kunyoa.

Hapo ndipo usingizi ulipomwisha Klementina. Mjane hutangulia. Wembe ungetoka kwenye kichwa cha Joyness uende kwa watoto wake, kwa Mabula, kwa kila mtu. Na pamoja na ustadi wote aliokuwa nao, katika vichwa vingi namna ile damu hukosi kuiona. Mtoto hutikisika, mzee ana kovu, nzi anatua.

Siku ya mnada alikwenda Bariadi, kwenye duka la Gharib. Alimkuta mkewe, Bimdogo, peke yake akipanga sabuni.

"Ninataka nyembe za pakiti," alisema. "Nyingi."

"Za ndevu au za kichwa, mama?"

"Za vichwa. Watu wa ukoo."

Bimdogo aliacha sabuni, akakitazama kitambaa cheusi alichofunga Klementina. "Pole kwa msiba," alisema. Akateremsha boksi la nyembe, akaanza kutoa pakiti bila kuuliza zaidi. "Zamani wafiwa walikuwa wanachukua sukari na shuka. Siku hizi wanachukua na hizi. Wengine wananiambia ni za watoto wa shule kuchongea penseli. Mimi ninafunga tu."

Klementina akajikaza. "Na wembe wa zamani ukichemshwa?"

"Nesi aliyetufundisha hapa mtaani alisema unafaa. Lakini uchemke haswa, na kila kichwa uchemshe upya. Mpini wake wa nini?"

"Wa pembe."

"Basi pembe itaachia kabla hujafika nusu ya watu."

Klementina aliiwazia sufuria inayotokota pembeni ya kigoda, na Mabula akiuliza kinapikwa nini. Akazifunga nyembe kwenye pindo la kitenge chake, akaondoka.

Asubuhi ya kunyoa aliamka kukiwa bado na ukungu, akaenda chumbani kwa Joyness kumweleza alichokusudia. Atasema wembe wa baba umepata kutu, ndipo awagawie watu hizi mpya. Alimkuta Joyness amekaa sakafuni, ameliegemea debe la maji, kichwa chake kimekwisha kunyolewa. Mkasi wa kushonea ulikuwa mapajani, na wembe wa plastiki, ule wa rangi ya chungwa aliokuwa akiutumia Masunga kwa ndevu, ulikuwa mkononi umejaa nywele. Alijinyoa bila kioo. Utosi ulikuwa na mikwaruzo mirefu, na nyuma ya sikio damu ilikuwa inatiririka hadi shingoni.

"Nimekuondolea mzigo, wifi," alisema.

Mjane huwa hajinyoi. Mjane anayejinyoa anakuwa amejitoa kwenye ukoo kwa mkono wake mwenyewe, na hakuna atakayemhesabia shamba wala ng'ombe. Joyness alilijua hilo kama yeye. Klementina akavaa mfuko wa nailoni mkononi, akalowanisha kitambaa, akamfuta pole pole, akaukusanya uchafu wote na ule wembe, akautupa chooni.

Jua lilipopanda watu walikuwa wamekwisha kaa uani. Joyness alipotoka, minong'ono ikakatika. Mabula akainuka kwenye kiti.

"Nani amemnyoa?"

"Mimi," Klementina alijibu.

"Kabla ya watu kukaa?"

"Ameamka hajisikii vizuri, kaka. Nikaona nisimweke juani."

Mabula alimsogelea mjane, akamwinamia, akaiangalia ile mikwaruzo. Kisha akamgeukia dada yake, na usoni mwake mlikuwa na mshangao wa kweli. "Wewe? Kwa wembe wa baba? Umemkata hivi?"

"Macho yangu siku hizi," Klementina alisema, na uwongo huo ulimchoma kuliko ule wa kwanza.

Mabula aliguna. Akavua kofia, akarudi kwenye kiti.

Wembe ulikuwa safi, Klementina alijua. Haukumgusa Joyness. Aliwatanguliza watoto wa marehemu, nao, daktari alikuwa amewapima, walikuwa wazima. Wakaisha bila tone. Akamnyoa Mabula, akawanyoa dada zao wawili waliotoka Maswa, na kadiri alivyoendelea moyo ukatulia, mpaka akaanza kuisikia tena ile raha ya zamani ya chuma kushuka chenyewe, sabuni ikisogea mbele yake na ngozi ikitokea nyuma nyeusi na laini. Watu wakaanza kuzungumza. Mtu mmoja akacheka. Zile nyembe za pakiti zilikuwa bado kwenye pindo la kitenge, na alikwisha kuzisahau.

Akaja Mihayo, mtoto wa Mabula, kijana aliyefanya kazi na Masunga kule Malampaka, akipima pamba na kufunga marobota. Alikaa, akavua shati ili lisiingie nywele.

Klementina aliyaona mabega yake kwanza. Mifupa ilikuwa imejitokeza. Kisha akaona mikono. Vilikuwa vipele vilevile, vyeusi, vimekunwa.

"Mihayo, unaumwa?"

"Hapana, sengi. Ni mbu wa Malampaka tu."

Alimwita sengi, shangazi, kama walivyomwita watoto wote wa kaka zake, tangu hajaota meno. Klementina akaendelea kunyoa, kwa kuwa hakujua namna ya kuacha. Muda wote huo alikuwa amemwogopa mtu mmoja. Alikuwa amefikiri ugonjwa umekaa ndani ya kichwa cha Joyness, kwamba kichwa hicho kikiepukwa, vingine vyote ni salama. Kisogoni mwa Mihayo mlikuwa na vijipu chini ya nywele, hakuviona kwa ajili ya povu, na wembe ukapita juu ya kimoja. Kijana akashtuka. Damu ikatoka, si nyingi. Klementina akaupangusa wembe kwenye kitambaa begani kwake, na kitambaa kikapata mstari mwekundu.

Nusu ya kichwa cha Mihayo ilikuwa bado. Aliyekuwa anafuata, Monika, kitinda mimba wa Mabula, alikuwa amekwisha kusogea na kusimama karibu, amefunga kanga ya mama yake shingoni, anangoja.

Klementina akaukunja wembe.

"Vipi?" Mabula aliuliza.

Alifungua pindo la kitenge, akazitoa zile pakiti, akaziweka juu ya kigoda kingine kitupu. "Kuanzia hapa kila mtu na wake. Hata Mihayo nitammalizia kwa mpya."

"Wembe wa baba umeharibika?"

"Haujaharibika."

Mabula aliuchukua, akaufungua, akaupitisha kwenye vinyweleo vya mkono wake, vikadondoka. "Huu ndio uliotunyoa msiba wa baba. Hizo za kutupa ni za watu wasiojuana, wanyolewe hivyo huko stesheni. Sisi hapa ni damu moja, Klementina."

"Hiyo damu ndiyo ninayoiogopa, kaka."

"Umesema nini?"

Alimtafuta Joyness kwa macho. Alikuwa amekaa kizingitini na mwanawe mdogo mapajani, na alikuwa anatikisa kichwa taratibu, mara moja tu upande huu na mara moja upande ule.

Klementina akamtazama Monika, shingo yake nyembamba iliyotoka kwenye kanga.

"Masunga hakurogwa," alisema. "Daktari alituambia mimi na mkewe. Ni ukimwi."

Mbuzi mmoja alikuwa anajikuna kwenye boma la miba. Mabula alikuwa bado ameushika wembe wazi; akaushusha, akautazama, kisha akakipapasa kichwa chake kilichotoka kunyolewa kwa kiganja.

"Na huyu," alisema akimwelekeza Joyness kwa kidevu, "umemnyoa kwa wembe huu, halafu ukaninyoa mimi?"

Sasa hakukuwa na pa kupita. Akisema ndiyo, anawatia watu hofu isiyo na sababu mpaka siku yao ya kufa. Akisema hapana, anatoa na ile siri ya pili.

"Hapana. Alijinyoa mwenyewe alfajiri, ili ninyi msidhurike. Wembe huu haukumgusa."

Alidhani watu wangesikia lile la kujitoa kwa ajili yao. Hawakulisikia. Walisikia kwamba mjane amejinyoa. Mwanamke mmoja alianza kunyanyua watoto wake. Dada mmoja wa Maswa akalia kwa sauti, kama msiba ndio kwanza umeingia. Wengine walichukua wembe mmoja mmoja kutoka kwenye kigoda, bila kumwangalia Klementina, wakaenda kunyoana nyuma ya ghala. Mihayo alikigusa kisogo chake, akaangalia vidole, akachukua wembe na shati akaondoka. Walisema baadaye alimalizia kujinyoa mtoni.

Monika alibaki. Klementina akamnyoa kwa wembe mpya wa pakiti, nao ukapinda vidoleni, ukamkata kidogo juu ya sikio. Mtoto hakulia. Klementina akaufunga wembe ule ndani ya karatasi yake, akaushikilia kiganjani muda mrefu.

Ndugu wa mumewe hawakumfukuza Joyness kwa mdomo. Walimwekea kikombe chake pembeni na sahani yake pembeni, na kuni zake zikawa hazichukuliwi na mtu. Kaka yake alikuja kutoka Lalago na mkokoteni wa ng'ombe, wakapakia vitanda na sufuria na watoto. Klementina alisimama karibu na gurudumu amebeba kibuyu cha maziwa ya njiani. Joyness alikipokea, akampa mwanawe mkubwa akishike, akatazama mbele.

Mabula hakumsemesha dada yake kwa msimu mzima. Hata hivyo, kaya ya jirani ilipofiwa, watu walikuja kwenye kunyoa wakiwa na nyembe mifukoni, kila mmoja na wake, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Klementina aliitwa kunyoa. Alinyoa kwa vile vyuma vyembamba, akijifunza kuvishika kwa kuvibana kwenye kijiti kilichopasuliwa ili visipinde, na akitupa kila kimoja shimoni. Kazi ilikuwa ya polepole na haikuwa nzuri.

Mihayo alirudishwa kutoka Malampaka kwenye lori la pamba, amelala juu ya magunia. Jioni yake Mabula alikuja mlangoni kwa Klementina. Hakuingia. Alisimama na fimbo yake ya kuchungia, akaangalia chini.

"Vile vidonda vya mdomoni vya Masunga," alisema, "ulikuwa unamwosha na nini?"

"Maji ya chumvi, ya uvuguvugu. Na uji usiwe mzito."

"Utakuja kumwonyesha mama yake?"

"Ninakuja sasa hivi."

Walitembea pamoja mpaka kwake. Mihayo alipozikwa, Mabula alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono kuomba wembe wa pakiti.

Pamba ilipopasuka, Klementina alifunga safari ya Lalago. Alimkuta Joyness shambani, kikapu kimefungwa kiunoni, nywele zimeota tena fupi na nzito. Alikuwa amepungua mwili, lakini mikono ilikuwa inakwenda haraka kwenye vitumba. Walisalimiana kwa Kisukuma, salamu ndefu ya wakubwa, ya habari za watoto, za mifugo na za mvua, na ilipokwisha wote wakabaki wamesimama.

"Nimekuja kukuomba msamaha," Klementina alisema.

Joyness aliendelea kuchuma. "Masunga alikuwa mdogo wako. Lake ulikuwa na haki ya kulisema. La kwangu je?"

"Monika alikuwa amekwisha kusimama pale, wifi."

"Nilimwona."

"Ningefanya nini?"

"Sijui," Joyness alisema. "Ninaliwaza kila siku, na sijui. Ningekuwa mimi, labda ningesema hivyohivyo. Lakini aliyekula kiapo ni wewe."

Klementina hakuambiwa akae wala aondoke. Jua lilikuwa bado juu, na mstari wa pili ulikuwa haujaguswa. Alikunja kitenge chake mbele kikawa mfuko, akaingia kwenye mstari huo, akaanza kuchuma. Baada ya muda Joyness alimwambia, bila kugeuka, kwamba ile yenye madoa aiweke kando, wanunuzi wa mwaka huu wanaikataa.

Alikaa mpaka shamba lilipokwisha. Alirudi mwaka uliofuata, na mwingine. Joyness aliishi mpaka mwanawe mkubwa akamaliza darasa la saba, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kumwambia Klementina kwamba amemsamehe, wala Klementina hakuuliza tena.